Mhakiki Si MC wa Uzinduzi

Uhakiki wa vitabu vya Kiswahili siku hizi umegawanyika mafungu mawili, na yote mawili hayamfai mtu anayetaka kujua kama anunue kitabu au aache.

Fungu la kwanza ni uhakiki wa uzinduzi. Kitabu kinatoka leo, kesho kuna ukumbi, kuna utepe wa kukata, kuna mgeni rasmi ambaye hajakisoma, halafu anasimama mtu anayetambulishwa kama mhakiki. Anasema mwandishi ana kipaji, kitabu kimesheheni mafunzo kwa jamii, na kila Mtanzania mpenda maendeleo awe na nakala yake. Makofi. Kesho yake maneno yale yale yanabandikwa mtandaoni pamoja na picha za keki, na hayo ndiyo yanabaki kuwa uhakiki wa kitabu kile milele na milele, amina.

Fungu la pili ni uhakiki wa mtihani. Huu tunaujua sote tuliokalia dawati la kidato cha nne. Maudhui: dhamira, ujumbe, migogoro, falsafa. Fani: muundo, mtindo, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Kwa miaka mingi wanafunzi wetu wamepitishwa humo na Takadini ya Ben Hanson, Watoto wa Mama N'tilie ya Emmanuel Mbogo, Joka la Mdimu ya Abdallah Safari, Ngoswe ya Edwin Semzaba na Wasakatonge ya Mohammed Seif Khatib. Ni vitabu vya maana, sina ugomvi navyo. Ugomvi wangu ni na kile mwanafunzi anachotoka nacho: imani kwamba kuhakiki ni kujaza visanduku. Hakuna swali linalomuuliza kama kitabu ni kizuri. Hakuna linalomuuliza alichoka ukurasa wa ngapi, wapi alicheka, wapi alihisi mwandishi anamdanganya. Anaambiwa atoe hoja tatu kutoka kila kitabu, anazitoa, anapata alama zake, na pengine hafungui riwaya tena maisha yake yote.

Kati ya mafungu haya mawili kuna uwanja mtupu. Hapo ndipo alipaswa kusimama mhakiki: msomaji aliyenunua kitabu, akakisoma mpaka mwisho, na sasa anamwambia msomaji mwenzake ukweli. Nasema uwanja ni mtupu huku nikijua wapo wachache wanaojitahidi. Wanajijua, na wanajua pia wanavyolipwa. Wanalipwa lawama.

Nafanya kazi hii nikiwa Issuna. Kwa asiyepajua, ni kata ya Wilaya ya Ikungi, mkoani Singida, kwenye barabara kuu itokayo Dodoma, ukishapita Manyoni na kabla hujafika Singida mjini. Miswada inanifikia kwa simu, vitabu vinakuja na basi. Sipataji ili nionekane nimejinyima. Napataja kwa sababu hapa ndipo swali la uhakiki linapokuwa swali la pesa. Issuna hakuna duka la vitabu. Mtu wa hapa akitaka riwaya mpya lazima aagize, alipe kwa simu, alipie na kifurushi, kisha aende kusubiri basi barabarani. Riwaya ikiwa shilingi 15,000, kabla ya gharama za kifurushi, huyo mtu hapigi hesabu ya kitabu kwa kitabu. Anapiga hesabu ya jogoo. Anauliza: niuze jogoo nisome hiki?

Hawezi kukishika kwanza, wala kufungua ukurasa wa katikati aonje. Kitu pekee alichonacho ni neno la mtu aliyekwisha kukisoma. Ukimwambia kitabu ni moto wa kuotea mbali na wewe unajua kimejaa maji, umemwibia jogoo. Sioni neno jingine la kukiita kitendo hicho.

Sasa jaribu kusema kweli uone. Niliwahi kuandika kwamba riwaya fulani ina sura tatu ambazo ukizing'oa hadithi haitikisiki hata kidogo, nikazitaja kwa namba na nikaeleza kwa nini. Mchapishaji wake, ambaye jina nalihifadhi, alikuwa akinitumia vitabu. Vikakoma kuja. Hiyo ni sawa, vitabu ni vyake. Iliyoniuma ni nyingine. Kijana aliyejichapishia mwenyewe nakala 500, nilipoandika kuhusu kitabu chake, hakunipigia yeye. Alinipigia mjomba wake.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Huyu kijana ameweka humo akiba yake ya miaka miwili. Sasa wewe kwa nini unamharibia?"

Mzee alikuwa na uchungu wa kweli, na swali lake linastahili jibu la kweli. Basi nalijibu hapa. Akiba ya kijana ilikwisha kabla mimi sijafungua kitabu. Aliichukua mchora jalada, akaichukua mwenye mtambo, akaichukua mwenye ukumbi, mwenye spika na mpika keki. Kila mmoja alilipwa halali yake. Katika mlolongo wote huo hakuwepo mtu hata mmoja aliyelipwa kusoma ule mswada na kumwambia, "Mdogo wangu, bado." Mimi nilikuwa msomaji wake wa kwanza asiye ndugu, na nilikuja kitabu kikiwa kimeshachapwa. Ukweli ulichelewa, ndiyo maana ukawa mkali. Ungetangulia, ungekuwa ushauri.

Hapo ndipo kwenye kiini cha maneno yangu yote. Tunagombana na wahakiki kwa sababu hatuna wahariri. Mhakiki anaambiwa mbele ya watu mambo ambayo mhariri alipaswa kuyasema sirini, mezani, kabla ya wino. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mwandishi anayeficha mswada wake mhariri asiuone, halafu anauonyesha umma wote, amekosea mlango.

Wengi wakisikia mhariri wanamfikiria mtu wa kusahihisha tahajia. Huyo ni msoma prufu, naye anahitajika sana, hasa kwa sisi ambao "l" na "r" hugombana mdomoni mpaka zikafika kwenye karatasi. Lakini mhariri wa fasihi kazi yake ni nyingine. Anauliza: huyu shangazi uliyemleta sura ya pili akiwa na siri nzito, mbona kuanzia sura ya sita hayupo, na siri yake hatujaambiwa? Anauliza: bibi huyu wa kijijini asiyejua kusoma, mbona anazungumza kama semina ya halmashauri? Anauliza: mbona kila mtu mbaya umemwita jina baya, msomaji asije akakosea? Shaaban Robert aliweza kumwita mshitaki wa Kusadikika Majivuno na mshitakiwa Karama, mwaka 1951, kwa sababu alikuwa anajenga nchi ya mafumbo iliyo hewani. Wewe unaandika riwaya ya Mwanza ya leo, yenye daladala na mikopo ya simu, halafu mwenye nyumba anaitwa Bwana Dhuluma. Hapo hujamfuata Shaaban Robert. Umekwepa kazi ya kumjenga mtu.

Mfano mmoja wa huku kwetu. Nilipokea mswada wenye kijiji cha mkoa wa Singida. Mwandishi ana lugha tamu, hilo nilimwambia. Lakini kijiji chake kilikuwa na vuli yenye mavuno yake na masika yenye mavuno yake, kama kwamba kipo karibu na Tanga. Singida mvua ni ya msimu mmoja, inaanza kati ya Novemba na Desemba na kuishia Aprili hivi. Alizeti inavunwa Mei na Juni. Ukishavuna umevuna, unasubiri mwaka mwingine. Unaweza kusema hilo ni jambo dogo la kilimo. Si dogo, kwa sababu hadithi yenyewe ilihusu familia iliyopoteza mavuno. Kwenye nchi ya mvua mbili, kupoteza mavuno ni msiba wa miezi. Kwenye nchi ya mvua moja ni msiba wa mwaka mzima. Mwandishi alikuwa ameipunguzia hadithi yake uzito kwa nusu bila kujua. Alipoirekebisha hiyo mvua, ilimbidi arekebishe na uamuzi wa baba wa kuuza shamba, na ugomvi wa mke na mume, na mwisho wake. Kitabu kikawa kingine. Mabadiliko yote hayo yalianza na swali moja la msomaji anayejua alizeti inakatwa lini.

Kazi ya namna hiyo haionekani. Ikifanyika vizuri, sifa zote ni za mwandishi, na ndivyo inavyotakiwa. Lakini kutoonekana kusiwe sababu ya kutolipwa, wala ya kusahaulika. Fasihi yetu nzima imesimama juu ya mabega ya watu wa aina hii. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na 1840, yasingetufikia bila Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyeyakusanya na kuyafafanua akishirikiana na William Taylor. Diwani yenyewe ikaja kutolewa na William Hichens mwaka 1940, miaka mia baadaye. Malenga wa Mvita ya Ahmad Nassir Juma Bhalo, iliyotoka 1971, ilipita mikononi mwa Shihabuddin Chiraghdin, mwalimu aliyejua kumwezesha mtu wa bara kuelewa Kimvita bila kukivua Kimvita nguo zake. Walter Bgoya aliongoza Tanzania Publishing House kuanzia 1972 mpaka 1990, kisha mwaka 1991 akaanzisha Mkuki na Nyota. Hesabu mwenyewe vitabu vilivyopo kwenye rafu yako leo kwa sababu mtu mmoja aliamua kwamba vinastahili kusomwa.

Najua kuna wanaosema mhariri ni askari wa lugha. Wana sababu. Mwaka 1930 iliundwa Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki chini ya wakoloni, na sehemu ya kazi yake ilikuwa kupitia miswada na kutoa kibali cha lugha. Kiunguja kilifanywa msingi wa Kiswahili sanifu, lahaja nyingine zikaambiwa zisubiri nje. Tabia hiyo haijafa. Wapo wahariri mpaka leo wanaosoma mswada wakiwa na kalamu nyekundu kabla ya kuwa na masikio. Lakini fikiria majina mawili tu. Shafi Adam Shafi aliita riwaya yake Vuta N'kuvute, ikatoka 1999. Mohammed Ghassani aliita diwani yake N'na Kwetu, ikawa miongoni mwa washindi wa kwanza wa tuzo ya Mabati-Cornell mwaka 2015. Mhariri askari angeandika "nikuvute" na "nina", na angejisifu kwamba amesanifisha. Angekuwa ameua majina mawili mazuri kabisa ya vitabu katika lugha hii. Mhariri mzuri anajua wapi asiguse. Kwa hiyo dawa ya mhariri mbaya ni mhariri mzuri. Kumfukuza mhariri kabisa ni sawa na kuacha kula kwa sababu mama ntilie mmoja alikuunguzia wali.

Turudi kwa uhakiki. Kila nikisema haya nakutana na visingizio vitatu, na ningependa kuvimaliza kimoja kimoja.

Cha kwanza: eti fasihi ya Kiswahili bado changa, tusiivunje moyo. Changa? Mwana Kupona binti Msham alimtungia binti yake utendi mwaka 1858. Muyaka alikuwa ameshazikwa. Lugha yenye maandishi ya umri huo haina haki ya kujiita mtoto kila inapoambiwa ijiheshimu. Mtu anayetaka kulelewa kwa huruma ni mwandishi mmoja mmoja anayeanza, na hapo sina ubishi: anayeanza asemwe kwa upole, aonyeshwe alipofaulu kabla ya alipoteleza. Upole ni namna ya kusema. Haukuruhusu kuficha. Ukimficha leo, kitabu chake cha pili kitakuwa na kasoro zile zile, ila sasa zina kiburi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na sisi tumekuwa hodari wa kumsifu mgema huku tukikunja nyuso tukinywa.

Cha pili: eti uhakiki mkali ni mambo ya Wazungu, sisi utamaduni wetu ni kusitiriana. Huyo msemaji hajawahi kusikia malumbano. Washairi wa pwani wamejibizana kwa vizazi, beti kwa beti, kina kwa kina, mbele ya mji mzima, na aliyeteleza mizani aliambiwa. Gazeti la Mambo Leo lilipoanza mwaka 1923, washairi wakahamia humo, na mtindo wa kubisha hodi kwa mhariri katika ubeti wa kwanza ukawa desturi: Bwana Mhariri, nipe nafasi. Walijua mlango una mwenyewe. Walijua pia kwamba wiki zijazo atatokea mwingine wa Tabora au Lindi kuwajibu. Hata miaka ya 1970 tuligombana, na tuligombana vizuri. Upande mmoja walikuwepo walioshika kanuni, wakiwa na Sheria za Kutunga Mashairi ya Amri Abedi ya 1954 kama msingi wao. Upande mwingine akaja Euphrase Kezilahabi na Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Kina Mulokozi na Kahigi nao wakaweka hoja zao katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, 1979. Watu waliitana majina, ndiyo. Lakini kila upande ulilazimika kueleza shairi ni nini, na ushairi wetu ukatoka pale ukiwa na vyumba viwili badala ya kimoja. Niambie ni ugomvi gani wa aina hiyo tumeupata miaka kumi hii. Tuna "hongera sana ndugu" na vidole gumba vya kusimama.

Cha tatu, na hiki huwa kinakuja kwa sauti ya chini: kwani wewe ni nani? Huna shahada ya uzamivu, hukai Dar, upo huko Issuna na alizeti zako. Jibu langu ni fupi. Mamlaka ya mhakiki yako kwenye namba za kurasa. Nikisema mazungumzo ya sura ya nne hayana uhai, nakuonyesha ukurasa, nakuonyesha sentensi, nawe fungua uone. Ukiona mimi ni mwongo, sema. Profesa akisifia bila kuonyesha ukurasa, naye hajasema kitu. Na kama suala ni bara na pwani, Mathias Mnyampala alikuwa Mgogo wa Dodoma, jirani zetu hapa, na Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake. Jina lake ndilo liko pamoja na la Chiraghdin wa Mombasa kwenye jalada la Historia ya Kiswahili, iliyotoka 1977, wote wawili wakiwa wameshafariki. Lugha hii haikuwahi kumuuliza mtu ametoka kituo gani cha basi.

Kuna hatari nyingine, na hii inanitisha kuliko simu za wajomba. Jamii isiyo na wahakiki haibaki bila hukumu. Inabaki na hukumu ya aina moja tu, nayo ni marufuku. Rosa Mistika ya Kezilahabi ilitoka 1971, riwaya ya binti na baba mkali na mambo ambayo kila mtu aliyajua na hakuna aliyetaka kuyaona kwenye maandishi. Ikapigwa marufuku shuleni. Baadaye ikarudi na ikawa kitabu cha kufundishia. Riwaya yenyewe haikubadilika. Tulichokosa mwanzoni ni mjadala wa wazi wa watu walioisoma yote, wa kumwambia mzazi mwenye hofu kitabu kinasema nini na kwa nini.

Tukadhani tumejifunza. Februari 2023 Waziri wa Elimu, Profesa Adolf Mkenda, akatangaza kuondolewa shuleni kwa vitabu 16, vikiwemo vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid, kwa maelezo kwamba vinakwenda kinyume na mila na desturi zetu. Unaweza kukubaliana na uamuzi ule au kuukataa. Swali langu ni la kabla ya tangazo. Vitabu vile vilikuwa maktabani, watoto wanavisoma, wazazi wamelipia. Nani kati yetu sisi tunaojiita watu wa vitabu alikuwa ameandika hata kurasa mbili kwa Kiswahili kumweleza mzazi kuna nini ndani? Kimya. Basi serikali ikasoma kwa niaba yetu, na serikali ikisoma haiandiki insha, inaandika waraka. Tusilalamike kwamba mlango umefungwa kwa nguvu wakati sisi tulikataa kazi ya kukaa mlangoni.

Watasema mambo yanabadilika, tuzo zipo. Ni kweli na nashukuru. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilitolewa kwa mara ya kwanza tarehe 13 Aprili 2023, na vijana wengi wameandika kwa sababu yake. Lakini tuzo humtaja mshindi, inampa fedha na mkono. Haiwezi kukaa na mamia ya walioshindwa, ukurasa kwa ukurasa, na kumwambia kila mmoja kilichomwangusha. Wala haiwezi kumsomea mtu wa Issuna kila kitabu kinachotoka. Tuzo ni sherehe ya mavuno. Palizi inafanywa na watu wengine, miezi mingi kabla, wakiwa wameinama.

Basi nitake nini? Nitataja mambo machache yanayowezekana bila bajeti ya mtu yeyote.

Mwandishi: kabla hujalipia jalada, lipia msomaji. Kama huna pesa, badilishana miswada na mwandishi mwenzako ambaye hakupendi sana. Mke wako, mchungaji wako na mwenyekiti wa kikundi chenu hawahesabiki. Na kama bajeti inatosha kimoja kati ya mhariri na keki, wageni watakusamehe kwa njaa. Msomaji hakusamehe kwa sura tatu za bure.

Mchapishaji: weka jina la mhariri kwenye ukurasa wa hakimiliki. Mchora jalada anatajwa, mpiga chapa anatajwa. Mhariri akijua jina lake litakuwepo, ataogopa. Na kama hakuna jina la kuweka kwa sababu hakuna aliyehariri, nasi tujue tunanunua nini.

Mhakiki, yaani wewe na mimi: soma kitabu chote. Naona aibu kuliandika hili, lakini linahitaji kuandikwa. Sema kama ulikinunua au ulipewa. Sema kama mwandishi ni rafiki yako. Hakuna dhambi kumhakiki rafiki, dhambi ni kuficha. Toa namba za kurasa, kwa sifa na kwa kasoro, maana hata sifa isiyo na ukurasa ni makofi tu. Sema bei na sema kinapatikana wapi. Usimseme mwandishi, sura yake, dini yake wala kabila lake. Kitabu kipo mezani, kinatosha. Ukipenda kitabu, eleza kwa nini kwa juhudi ile ile unayotumia kukilaumu, kwa sababu mhakiki asiyejua kusifia ni mgonjwa kama yule asiyejua kulaumu. Na ukialikwa kwenye uzinduzi, nenda, kula, cheza. Ukipewa kipaza sauti usome ukurasa mmoja wa kitabu na uketi.

Kuna hadithi nyingi zinazosubiri kuandikwa kutoka huku. Wanyaturu wanamsimulia Liti Kidanka, mwanamke aliyewapiga Wajerumani kwa nyuki, na uwanja wa mpira wa Singida mjini una jina lake. Siku moja kijana atamwandikia riwaya. Pengine ameshaanza. Riwaya ya namna hiyo haiandikwi kila mwaka. Ikitoka mbovu na ikasifiwa kama nzuri, wengine watasema Liti ameshaandikwa, na nafasi itakuwa imeziba kwa kizazi kizima. Ningependa kijana huyo akutane na mhariri atakayemuuliza nyuki wale walikuwa mizinga mingapi na nani aliwatunza. Ningependa kitabu kikitoka kimkute mhakiki aliyelipa nauli ya kifurushi mwenyewe, anayeweza kuandika, ukurasa wa 87 umenitoa machozi, ukurasa wa 140 ungekatwa.

Akisema hivyo, mimi nitauza jogoo.